Mwenye Timu Ameshaingia

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Balqis binti Saleh kwenye geti la uwanja wa mbio, kadi mkononi, bawabu amemjibu kwa maneno matatu tu: "Mwenye timu ameshaingia."

Balqis alidhani hakusikia vizuri. Akamwonyesha tena kadi yake, ile yenye picha na jina la timu ya Shahini. Bawabu akaipitisha kwenye mashine mara ya tatu, na mara ya tatu taa ikawaka nyekundu. Nyuma yake magari yalikuwa yameanza kupiga honi. Bawabu akamwomba, kwa adabu, asogeze gari lake pembeni awapishe wenye ruhusa.

Wenye ruhusa. Msomaji uliyejiunga nasi leo, mjue kwanza mama huyu. Ana miaka arobaini na minane, mkaazi wa Bawshar, binti wa wazee waliorudi Maskati kutoka Unguja na Kiswahili chao. Timu ya Shahini iliundwa na mumewe, marehemu Humaid, kwa mbio za saluni: magari yanayofanana na haya ya barabarani, lakini yaliyong'olewa viti, yakatiwa vyuma ndani na injini kali. Humaid alifariki miaka sita iliyopita. Tangu siku ile aliyeibeba timu ni Balqis, kwa pesa za jiko lake la kupikia vyakula vya harusi. Dereva wa timu ni Loay, mwanawe wa pekee. Na Ijumaa hii ilikuwa ya mbio za mwisho za msimu. Loay akimaliza katika watatu wa mwanzo, ndiye bingwa wa Ghuba nzima.

Ndiyo siku ambayo mama yake alizuiwa getini.

Alimpigia simu Badr, shemeji yake, ndugu wa Humaid na meneja wa timu. Simu iliita mpaka ikachoka. Akampigia Loay, imezimwa. Akampigia Zachariah, fundi mkuu. Zachariah alipokea, akasema anakuja kwenye uzio.

Zachariah ni mtu wa Nakuru, Kenya. Amefanya kazi Shahini miaka minane, na katika miaka hiyo hakuwahi kukutana na Balqis bila ya kumuuliza hali yake na ya nyumbani. Leo alifika kwenye waya wa uzio akasimama tu. Balqis aliona ovaroli yake si ile nyekundu ya siku zote. Ilikuwa ya kijani, mpya, mikunjo ya kiwandani bado haijatoka.

"Madam, umekuja kutuaga?" alimuuliza.

Balqis akamuuliza kuagana kwa lipi. Hapo Zachariah akamwaga yaliyomjaa. Jumapili, alisema, mafundi wote waliitwa gereji, kule Al Khoudh, wakaambiwa Mama Balqis amechoka, ameuza timu, na ameomba asisumbuliwe kwa simu. Wao walikuwa wakimsubiri angalau apite awape mkono. Hakupita. Kuuzwa angeweza kustahimili, kwa sababu kazi ni kazi. Kilichomuuma ni kingine.

"Miaka minane, Madam. Hata meseji moja ilikushinda?"

Basi machoni mwao msaliti alikuwa yeye Balqis. Alihisi uso unamwaka. Watu aliowalisha kwa mkono wake kila mwisho wa msimu walikuwa wamelala siku tano wakiamini amewauza kama vyuma chakavu.

"Zachariah," akasema, "mie sijauza kitu. Hata bolti moja."

Fundi akamtazama usoni muda mrefu. Hasira ikamtoka taratibu, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi, woga. Akasema basi kuna mtu amewachezea wote. Balqis akamuuliza huyo mwenye timu ni nani. Zachariah akaelekeza kidevu upande wa pili wa uwanja, kwenye hema jeupe la wenye timu. Ni mwanamke mmoja kutoka nje, alisema, anaitwa Nawar. Amekaa na Badr tangu asubuhi.

Sasa, geti la wenye timu lilikuwa limefungwa. Lakini lilikuwapo geti jingine ambalo Balqis alilijua kuliko bawabu yeyote, geti la jikoni. Chakula cha hema lile jeupe kilipikwa na jiko lake mwenyewe. Gari la jiko lilipofika, Anjelina, mpishi wake Mtanzania, alishangaa kumwona tajiri wake amesimama juani. Balqis hakueleza. Alichukua aproni, akachukua sinia la sambusa, akaingia. Mwanamke aliyebeba sinia haulizwi kadi.

Badr alikuwa kwenye kiti cha mbele, kanzu nyeupe pe, kilemba kimefungwa kwa ufundi. Alinyoosha mkono akachukua sambusa bila ya kumwangalia aliyeshika sinia. Akaing'ata. Ladha ile aliijua. Ndipo akainua macho.

Aliyesema ni mwanamke aliyekaa ubavuni pake, kijana wa miaka thelathini na kitu, suti ya kijivu, mtandio mwepesi. Badr alimnong'oneza, na Nawar akainuka mara moja, akampisha Balqis kiti chake. Alizungumza Kiarabu cha polepole, neno moja moja, kwa sauti ya chini. Akamuuliza kama amekunywa maji. Akamuuliza kama amekunywa dawa zake leo. Akauliza kama wamwitie gari limrudishe nyumbani.

Balqis alidhani ni dharau za watu wenye pesa. Akaweka sinia juu ya meza, akamwambia Badr watoke nje ya hema.

Kwa miaka sita, kila msimu ulipokwisha, Balqis alimuuliza Badr swali moja: kuna faida? Na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile. Hamna, shemegi. Matairi yamekula, injini imekula, mdhamini kajitoa. Naye Balqis akaamini. Bangili zake za harusi zikaondoka moja baada ya moja. Jiko lenyewe likawekwa rehani benki. Hakunung'unika, kwa sababu jina la mumewe lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa gari na mwanawe alikuwa ndani yake.

Nyuma ya hema, Badr alijifuta midomo, akaanza kueleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya jodari pale soko la samaki la Sidab.

"Faida haimo kwenye mbio, shemegi. Sijamwona aliyetajirika kwa kukimbiza gari. Faida imo kwenye nafasi."

Ligi ina nafasi nane tu za kudumu, alisema, na haitoi ya tisa. Humaid alipewa yake zamani, wakati ligi ilipokuwa ikiwabembeleza watu waingie. Sasa matajiri wa nchi tano wamepanga foleni na mlango hakuna. Kwa hiyo nafasi ya Shahini, ukiacha magari na vyuma vyake, ilifikia thamani ya majumba manne ya Bawshar na viwanja vyake. Yeye alilijua hilo tangu miaka mitatu nyuma.

Miaka mitatu. Balqis alikumbuka bangili ya mwisho aliiuza mwaka jana.

"Ulikuwa ukinambia hamna," alisema.

"Hamna kwenye mbio. Hukuniuliza nafasi."

Balqis akamwambia kwamba hana haki ya kuuza hata tairi. Humaid aliacha mke na mtoto wa kiume. Ndugu hakurithi kitu.

Badr hakukataa. Alitikisa kichwa kama mwalimu aliyefurahishwa na jibu la mwanafunzi. "Kweli kabisa. Mie sina hata unyoya, mie dalali tu. Nenda kamuulize mwenye saba katika nane."

Balqis mirathi aliijua vizuri. Thumuni, sehemu moja katika nane, ni ya mjane. Saba zilizobaki ni za mtoto.

Ni za Loay.

Alimkuta kwenye gereji ya hapo uwanjani, amekaa juu ya tairi nyuma ya gari lake, ovaroli ameivaa nusu, mikono ya nguo imefungwa kiunoni. Njiani Balqis aliomba dua moja tu, kwamba mwanawe ashangae. Ashtuke, aseme ami Badr amefanya nini tena, wakasirike pamoja.

Loay aliinuka, akambusu mama yake kichwani kama desturi yake. Kisha akauliza: "Nani kakuingiza, mama?"

Swali hilo ndilo lililomkata maini. Hakuuliza kuna nini. Hakuuliza mbona umevaa aproni. Alitaka kujua mlango upi ulisahaulika kufungwa.

Balqis akamuuliza kama ni kweli. Loay akasema ni kweli. Wamiliki wapya wamempa mkataba wa miaka mitatu, Ghuba kwanza, baadaye Ulaya. Kwa Shahini angebaki kuendesha injini za kuungaunga mpaka azeeke. Na zaidi ya hayo, alisema huku akitazama chini, alikuwa amechoka kuona kila seti ya matairi inaondoka na dhahabu ya mama yake. Akikata kona anaziona bangili. Hataki tena kuziona.

Maneno hayo yangekuwa mazuri kama angeyasema nyumbani.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ungelikataa."

"Ningelikataa, naam."

"Basi, mama." Loay akamshika mabega, akapunguza sauti. "Nenda nyumbani ukapumzike. Umechoka wewe. Mbio zikisha nnakuja, tutazungumza taratibu."

Balqis alimtazama. Kidevu kilikuwa cha Humaid, na mkunjo wa paji la uso wa Humaid. Siku zote mfanano ule ulimfariji. Leo aligeuza uso.

Alikuwa amekwishafika karibu na geti la jikoni alipowaza jambo, akasimama katikati ya njia, mafundi wakimpita huku na huku.

Loay ameuza saba. Sawa. Lakini Badr alisema timu yote imeuzwa. Ile thumuni yake yeye imeuzwa na nani?

Alikumbuka wakala, ile hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukusimamia. Alipokuwa ndani ya eda, macho yamevimba kwa kulia, Badr alimletea karatasi ya kumpa wakala ya kusimamia mambo ya timu kwa niaba yake. Alitia saini bila ya kusoma. Lakini mwandishi wa mahakama alimuuliza wakala ya muda gani, naye kwa sababu isiyojulikana hata kwake mwenyewe alijibu: mwaka mmoja. Na Humaid ana miaka sita kaburini.

Kwa hiyo wakala ilikwisha zamani. Thumuni bado ni yake.

Na Humaid alikuwa amemfundisha kanuni za ligi, akizisoma mezani kama wengine wanavyosoma magazeti. Mwenye hisa yoyote, hata iwe ndogo vipi, akiweka pingamizi kabla magari hayajapangwa kwenye mstari, nafasi ile inasimamishwa mpaka mahakama iamue. Gari halitoki gereji.

Alitazama saa. Mbio ni saa kumi baada ya Alasiri. Magari yatapangwa baada ya dakika arobaini.

Ofisi ya ligi ilikuwa hatua thelathini mbele yake. Lakini pingamizi lingemsimamisha nani? Si Badr, ambaye fungu lake la udalali limekwisha kuingia mfukoni. Si Nawar, ambaye ana pesa za kusubiri miaka kumi. Lingemsimamisha Loay, siku ya ubingwa wake, mbele ya watu elfu kadhaa, kwa mkono wa mama aliyemzaa. Ukishamfanyia mtoto hivyo, utamtazamaje tena usoni? Alisimama pale mpaka jua likamchoma utosini.

Alikuwa mama kwa miaka ishirini na mitatu. Leo, kwa saa moja, aliamua kuwa mwenye thumuni. Akavua aproni, akaikunja, akaingia.

Karani wa ligi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba. Alimsikiliza, akampa fomu, akaitazama saini, akaandika jina kwenye kompyuta. Kisha vidole vyake vikasimama. Akamtazama Balqis kwa macho ya huruma, huruma ile ile aliyoiona kwa Nawar chini ya hema. Akafungua droo, akatoa karatasi, akamuuliza kama yuko na mtu wa kumsindikiza.

Balqis akamwomba amsomee.

Karatasi ilisema kwamba Balqis binti Saleh, tangu kifo cha mumewe, hana utulivu wa akili. Kwamba hawezi kusimamia mali yake wala saini yake isipokewe popote. Kwamba maombi ya usimamizi yako njiani kwenda mahakamani, na msimamizi wake, aliyeuza hisa yake kwa niaba yake, ni mwanawe, Loay bin Humaid.

Ndiyo maana aliulizwa dawa. Ndiyo maana kila mtu alimsemesha polepole.

Tarehe ilikuwa ya Jumatano. Jumatano ile Loay alikula chakula cha mchana kwa mama yake. Alirudia sahani ya wali na samaki, akasifu achari, akaondoka na chupa moja mkononi.

Kitu kilipanda kifuani mwa Balqis, na kama kingetoka pale, kingetoka na ukelele wa kusikika mpaka barabarani. Lakini akili yake, hiyo hiyo iliyoandikiwa kwamba haipo, ilimwonya. Mwanamke anayepiga kelele ofisini ataithibitisha karatasi kuliko mashahidi kumi. Akaweka mikono mapajani. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, mashahidi ni nani.

Karani akasoma. Wa kwanza ni Badr. Wa pili, Zachariah, fundi mkuu wa timu.

Karani, ambaye nadhani kufikia hapo alishaanza kujiuliza ni wendawazimu gani huu unaokaa kwa adabu hivi, akaongeza neno ambalo hakuulizwa. Ligi imeipokea karatasi hii kwa muda tu. Shahidi mmoja akija mwenyewe akaikanusha kabla magari hayajapangwa, inaanguka. Zimebaki dakika kumi na nane.

Balqis hakukimbia, ingawa alitaka. Alimkuta Zachariah anakaza nati za gurudumu la mwisho, akamwekea mbele ya macho nakala ya karatasi aliyopewa na karani. Fundi akaitambua saini yake. Maneno mengine yote yalikuwa ya Kiarabu, na Kiarabu cha Zachariah ni cha midomoni tu, cha kuagizia vipuri. Balqis akamtafsiria mstari kwa mstari.

Zachariah alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Madam, mimi niliambiwa hii ni fomu ya likizo yangu."

Badr ndiye aliyeileta, Jumatano, wakati mkono mmoja wa fundi uko ndani ya injini. Mke wake amejifungua, miezi minne sasa, na mtoto hajamwona ila kwenye simu. Alikuwa ameomba likizo tangu mwezi wa sita. Alipoona fomu imekuja alijifuta mafuta, akasaini pale kidole kilipoelekeza, akashukuru.

"Njoo ukaseme hivyo ofisini," Balqis alisema.

Zachariah aliitazama spana mkononi mwake, na Balqis hakumlaumu kwa kusita. Kibali chake cha kukaa nchini kimo mikononi mwa mwenye timu. Akifungua mdomo, kesho hana kazi, na watu saba Nakuru wanakula kwa kazi hiyo. Ng'ambo ya gari, Loay alikuwa ameshavaa kofia yake ya mbio. Aliwatazama. Macho yake hayakuonekana nyuma ya kioo cheusi, lakini hakusogea, wala hakumwita fundi wake.

Zachariah akaweka spana chini.

"Twende, Madam," alisema. "Twende kabla sijaogopa."

Walitoka pamoja. Kipaza sauti kilitangaza dakika kumi. Balqis aliuona mlango wa ofisi, akaiona hata miwani ya karani kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi pumzi inafika mpaka tumboni.

Badr alitokea pembeni mwa jengo, akasimama mlangoni kabla yao. Hakuwa na haraka wala hasira. Mkononi alikuwa na kijitabu cha buluu, amekifungua kwenye ukurasa wa picha, na Zachariah alipoiona picha ile miguu yake ikagoma. Ilikuwa picha yake. Ilikuwa pasipoti yake, na ndani yake imetumbukizwa tiketi.

"Zachariah," Badr alisema kwa upole, "likizo yako imekubaliwa. Ndege ni leo jioni, na gari la kukupeleka lile pale, linanguruma."

Kisha akampa mkono wa kuagana, kama kwamba Balqis hayupo.